Dakika Thelathini na Nane

Skaidrīte hurekodi kabatini,
kati ya makoti ya marehemu mumewe,
kwa sababu sufi hunyonya mwangwi
na kwa sababu, asema, humo mnanukia mtu anayesikiliza.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saa mbili na robo.
Kilihusu daraja la matofali la Kuldīga:
nani alilijenga, nani alilivuka akilia,
nani alimbusu nani juu yake, na mvua ya siku hiyo ilikuwa ya namna gani.
Nikamwambia, Shangazi, punguza.
Akanijibu, daraja halivukwi nusu.

Mimi ndiye mkataji wake.
Naketi Riga, ghorofa ya nne, vipokea sauti masikioni,
naondoa kikohozi, mlio wa hanga,
na ile “eee” ndefu ambayo kwake ni mkato.
Grafu ilinionyesha watu wakiondoka:
dakika ya kumi na tisa wanashuka kwa mkupuo,
kama abiria waliotambua kuwa treni si yao.
Sikumwonyesha.
Mwalimu wa jiografia aliyestaafu
hahitaji kuchorewa ramani ya mahali alipoachwa.

Tukajaribu kila kitu.
Dakika kumi kila siku: kufika Jumatano alikuwa hoi.
Mara moja kwa mwezi: watu wakaisahau sauti yake,
naye akasahau alikoishia.
Tukatoa Jumatatu, tukatoa Ijumaa usiku,
kisha vipindi viwili Jumapili moja,
kama mdaiwa alipaye kwa aibu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba cha nani, na kina ukubwa gani?
Methali ilinyamaza papo hapo nilipoihitaji.

Ndipo ikaja barua, ya karatasi,
kutoka kwa Ojārs, mfugaji wa karibu na Alsunga:

*Mama, nina ng'ombe kumi na saba na mashine moja kuukuu.
Kukamua asubuhi ni dakika thelathini na nane.
Ukizidisha, nakuzima kwa kidole chenye maziwa
na sirudi tena. Si ubaya, ni samadi inaningoja.
Ukipunguza, unaniacha na Zīle,
ambaye hupiga teke kukiwa kimya.
Na kama yawezekana, iwe Alhamisi.
Alhamisi lori la maziwa haliji,
siku nzima haina pa kushikia.*

Aliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti.
Halafu akaingia kabatini na saa ya jikoni,
ile yenye umbo la yai, akaizungusha,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
aliacha mtu mmoja afe bila kututajia majirani zake wote.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Mwaka wa tatu huu.
Ikibaki dakika moja hataki nimjazie muziki;
huuliza tu, polepole, kama mlango umefungwa vizuri.

Februari aliugua mapafu.
Nilikuwa na mabaki yake tele, saa na saa za daraja,
ningeweza kushona kipindi na asijue yeyote.
Nikapakia sekunde kumi na moja za sauti yangu:
Skaidrīte anaumwa. Alhamisi haijahama.

Asubuhi hiyo Ojārs alipiga simu, hatujawahi kuongea.
Zīle ameangusha ndoo, akasema,
kisha akabaki kwenye laini, hana la kuongeza,
nikasikia mashine yake ikipumua
na mimi sikukata.

Shangazi amerudi, sauti ina mkwaruzo, siuondoi.
Jana aliniuliza wanaomsikiliza ni wangapi.
Mia mbili na saba, nikamwambia.
Mmoja namjua, ana ng'ombe kumi na saba.
Hao wengine mia mbili na sita,
sijui wanakamua nini.